Hewa ya Ukaa Yawekwa Ghalani Chini ya Bahari

Katibu yeyote wa chama cha msingi anajua kuwa mzigo ukipokelewa ghalani hupimwa, huandikwa, na mwenye dhamana hujulikana. Nchini Norway kanuni hiyo sasa yahusu mzigo usioonekana, yaani hewa ya ukaa itokayo viwandani.

Kiwanda cha saruji cha Brevik hakiwezi kuepukana na hewa hiyo kwa kubadili makaa tu, kwa sababu sehemu kubwa hutoka katika mawe yenyewe ya chokaa yanapochomwa. Kwa hiyo hewa hunaswa kabla haijatoka nje, hushindiliwa na kupozwa hata ikawa kimiminiko, kisha husafirishwa kwa meli hadi Øygarden. Kutoka hapo bomba la kiasi cha kilomita 100 huipeleka baharini, ikaingizwa katika mwamba wa mchanga, mita 2,600 hivi chini ya sakafu ya bahari. Juu yake umelala mwamba usiopitisha hewa. Huo ndio paa la ghala. Shehena ya kwanza iliingizwa Agosti 2025.

Uimara wa paa ndio jambo kubwa. Huko In Salah, Aljeria, kazi kama hiyo iliyoanza mwaka 2004 ilisimamishwa mwaka 2011 kwa shaka juu ya mwamba wa juu. Sheria za Ulaya, ambazo Norway huzifuata katika jambo hili, zamtaka mwenye ghala aendelee kulikagua hata baada ya kulifunga. Kwa kawaida serikali haipokei dhamana kabla ya miaka 20 kupita, muda unaozidi utumishi wa makatibu wengi.