Sura ya 7: Tairi ya Bei Nafuu kwa Siku ya Uwanjani

Mkazi wa Jumeirah Village Circle ana bahati ambayo wapenda pikipiki wa Mombasa na Dar es Salaam wanaitamani. Akivuka barabara kuu ya E311 anaingia Motor City, na hapo ndipo ulipo uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome, uliofunguliwa mwaka 2004. Mzunguko wake mrefu kuliko yote una kilomita 5.39. Siku ambazo uwanja hauna mashindano, mwenye pikipiki ya kawaida anaweza kulipa kiingilio na kukimbia kwa zamu, bila kugombea nafasi na mtu. Akishalipa kiingilio, kitakachomla pesa ni tairi, hasa ya nyuma.

Wengi hukimbilia sliki za mtumba, yaani tairi zisizo na kashata zilizovuliwa na wanamashindano. Bei yake inavutia, na kwa macho zinaonekana bado nene. Usizinunue. Mpira wa sliki umetengenezwa ufanye kazi ukiwa moto sana, ndiyo maana timu huzifunga tairi mablanketi ya umeme yanayozipasha hadi nyuzi 80 hivi kabla ya kuingia uwanjani. Kila inapopashwa na kupoa, tairi hugumuka kidogo, na hakuna geji ya fundi wa mtaani inayopima hilo. Muuzaji hatakwambia imepashwa mara ngapi. Pengine hata yeye hajui. Tena haziruhusiwi barabarani, kwa hiyo utakodi pikapu ya kubebea pikipiki kwenda na kurudi, na akiba yote uliyodhani umeipata itaishia kwenye pikapu.

Kwa anayeanza, na hata kwa aliyekwisha kuzoea, tairi nafuu ni tairi mpya ya barabarani ya daraja la spoti: Pirelli Diablo Rosso IV, Bridgestone Battlax S22, Michelin Power 5 na wenzake. Nyingi za aina hii zina mpira mgumu katikati, unaostahimili safari ndefu, na laini pembeni, unaoshika lami pikipiki inapolala kwenye kona. Joto la Dubai nalo husaidia. Lami iliyopigwa jua huipasha tairi mapema, kwa hiyo mablanketi hayahitajiki. Mizunguko ya kwanza ya taratibu inatosha. Siku utakapoona tairi ya namna hii inaanza kuteleza kwa sababu ya kasi yako, na si kwa sababu ya kufunga breki vibaya, hapo panda hadi Michelin Power Cup 2 au Pirelli Supercorsa SP. Kabla ya hapo unalipia uwezo usioutumia.

Upepo ndio unaoamua tairi itadumu kiasi gani. Pikipiki nyingi kubwa za spoti hujazwa psi 36 mbele na 42 nyuma kwa matumizi ya barabarani. Uwanjani kiwango hushushwa, kwa sababu tairi ikipata moto hewa iliyomo hutanuka. Chukua mfano huu: umejaza psi 30 asubuhi ya Januari, hewa ikiwa nyuzi 20. Tairi ikifika nyuzi 70, geji itasoma karibu 38. Ukijaza psi 30 hizo hizo alasiri yenye nyuzi 40, kwenye moto ule ule itasoma kama 34. Namba ya kujazia ni moja, tairi mbili tofauti kabisa! Kwa hiyo pima mara tu unapotoka uwanjani, tairi ikiwa bado moto, kisha linganisha na kiwango cha moto kinachotolewa na mtengenezaji. Pia usiiache pikipiki jua likiipiga upande mmoja kabla ya kupima.

Vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaosambaza chakula mitaani hapa wanajua jambo lingine: barabara zilizonyooka hula tairi katikati hadi ikawa bapa. Tairi kama hiyo ikiinamishwa kwenye kona, haishuki polepole. Inaanguka ghafla kwenye ukingo wa ubapa wake. Hata kama kashata za pembeni ni mpya, isikanyage uwanja.

Baki na saizi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki. Kama ni 180/55 ZR17 nyuma, usivalishe pana zaidi kwa ajili ya sura, kwa kuwa ringi itaibana na umbo lake litaharibika.

Kabla ya kutoa dirhamu zako, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi iliyopunguzwa bei kwa sababu imekaa ghalani mwaka mmoja penye kivuli ni nzuri, nunua bila wasiwasi. Iliyokaribia miaka mitano, mwachie muuzaji.