Kesi ikiahirishwa, mkulima ndiye hulipa

KILA msimu wa mavuno kuna mkulima anayeuza mazao kwa mkopo, kisha anabaki kumsaka broka asiyeshika simu. Ukimuuliza mbona asiende kortini, atakuambia kesi itakula pesa kuliko deni lenyewe.

Hofu hiyo ina hesabu yake. Chukulia unadai Sh40,000 za viazi. Kila safari ya kortini ni Sh800 za nauli, Sh200 za chakula na Sh500 za kibarua anayebaki shambani. Hizo ni Sh1,500. Kesi ikiahirishwa mara 10, umepoteza Sh15,000 na hata hujasikizwa.

Ndiyo maana kuhesabu kesi zinazoahirishwa si kazi ya makarani pekee. Ni suala la biashara.

Nchini Kenya, mahakama hunakili kila siku kesi zilizosikizwa, zilizoahirishwa na sababu zake: shahidi hakufika, wakili aliomba muda, hakimu hakuwepo au faili haikupatikana.

Watafiti walioshirikiana na Idara ya Mahakama na Benki ya Dunia walifupisha rekodi hizo katika ukurasa mmoja kwa kila mahakama, wakionyesha kiini cha ucheleweshaji. Baadhi ya mahakama hazikupewa ukurasa huo, nyingine zilipewa, na kundi la tatu lilipewa likijua kwamba kamati ya watumiaji wa mahakama imeuona pia.

Ni kundi hilo la tatu lililopunguza ucheleweshaji. Takwimu zinazofungiwa ofisini hazibadilishi mengi. Zikionekana na wenye kesi, kila mtu huwajibika.

Hatua nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mnamo 2021 na baadaye kufunguliwa katika miji mingine. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa bila kulipwa. Si lazima uwe na wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe.

Aidha, uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulioanzia Nairobi mnamo Julai 2020 ulisambazwa kote nchini mwaka wa 2024. Ada hulipwa kwa simu, na kesi iliyo kwenye kompyuta si rahisi kupotea kama faili ya karatasi.

Hata hivyo, mtandao una kasoro zake. Mkulima asiye na simu ya kisasa hulazimika kulipia huduma kwenye saiba, na stima ikipotea, kazi husimama. Pia, kushinda kesi si kulipwa. Mdaiwa akikaidi, kuna gharama ya kutekeleza uamuzi.

Kwa hivyo, anza kujilinda kabla ya lori kuondoka shambani. Andika tarehe, idadi ya magunia, uzani, bei na siku ya malipo. Mnunuzi aweke sahihi na nambari ya kitambulisho. Usifute jumbe za M-Pesa wala za makubaliano. Mahakama hiyo haibanwi na kanuni kali za ushahidi.

Takwimu za mahakama huharakisha kesi. Lakini takwimu zitakazokushindia kesi ni zile ulizoandika mwenyewe kwenye daftari lako.