Mapitio Matano, Wachezaji Walewale

Kijana aliyefunga anapanda baiskeli ya maabara na kukanyaga pedali kwa nguvu zake zote kwa sekunde 30. Midomo imemkauka, na adhana ya magharibi bado saa mbili. Kipimo hicho kinaitwa Wingate. Namba zake huingia kwenye utafiti, utafiti ukaingia kwenye mapitio yanayokusanya tafiti nyingi, na mapitio ndiyo yanayomfikia kocha anayepanga mazoezi ya Ramadhani.

Je, mapitio yenyewe nani anayapima? Kipo chombo kiitwacho AMSTAR 2, kilichotolewa mwaka 2017. Kina vipengele 16, na 7 kati ya hivyo ni nyeti: je, mpango uliandikwa kabla ya kazi kuanza? Tafiti zilizoachwa zimetajwa pamoja na sababu? Dosari za kila utafiti zilipimwa? Mapitio yakikosea kipengele nyeti kimoja, hushuka daraja la chini. Yakikosea viwili, la chini kabisa. Ni kipimo kikali, na ndivyo inavyopaswa, maana afya ya mchezaji imo humo.

Lakini kuna hesabu nyingine inayosahaulika: ni kiasi gani tafiti zilezile zinarudiwa katika mapitio tofauti. Tuseme, kwa mfano tu, mapitio 5 yana tafiti 20 kwa jumla, nazo zimetajwa mara 60. 60 toa 20 ni 40: hayo ndiyo marudio. 20 mara 5 ni 100, toa 20, inabaki 80: marudio ya juu kabisa yanayowezekana. 40 kwa 80 ni asilimia 50, ilhali ikizidi asilimia 15 tu, mwingiliano huo tayari huhesabiwa kuwa mkubwa mno. Kila utafiti ukiwa na wachezaji 15, wote ni 300. Anayesema "mapitio matano yamekubaliana" amewasikiliza watu walewale mara tatu.

Tena, mfungo haufanani. Zanzibar ni saa 13 na nusu hivi. London, Olimpiki ya 2012 ilipoangukia Ramadhani, ulikuwa takriban saa 17. Ukichanganya hizo mbili ukatoa wastani mmoja, wastani huo si wa Zanzibar wala wa London.

Kocha, kabla hujagusa ratiba ya vijana wako, tafuta jedwali la tafiti zilizojumuishwa. Hesabu wachezaji, angalia saa za mfungo, na angalia walipimwa asubuhi au alasiri. Jedwali lisipokuwepo, usibadilishe ratiba kwa sababu ya mapitio hayo.