VITA VYA KUVU CHINI YA ARDHI

Neno kuvu likitajwa, wengi wetu hukumbuka mkate uliosahaulika kabatini. Hata hivyo, zipo kuvu zinazomfanyia mkulima kazi ya uaskari. Moja huitwa Metarhizium, nyingine Beauveria. Kazi yao ni kuua wadudu.

Huuaje? Kijimbegu cha kuvu, kidogo mno kuonekana kwa macho, humnata mdudu kwenye ngozi. Hapo huota, kikatoboa na kuingia mwilini. Mdudu hafi papo hapo. Huliwa kutoka ndani kwa siku kadhaa, pengine hata zaidi ya wiki. Akishakufa, Metarhizium humvisha kanzu ya kijani, na Beauveria humvisha nyeupe. Mwaka wa 1879 mwanasayansi Metchnikoff aliijaribu hiyo ya kijani kwa wadudu walioharibu ngano karibu na Odessa. Hapa kwetu, taasisi ya icipe pale Kasarani, Nairobi, imetafiti kuvu hizi kwa miaka mingi, na dawa zilizotokana nazo wakulima wanazitumia. Nzige walipovamia pembe hii ya Afrika mwaka wa 2020, Metarhizium ilinyunyizwa kule Somalia.

Sasa hapa ndipo penye maneno. Mkulima ametoa pesa zake, amenunua askari hao, amewamwaga udongoni wakapambane na viwavi walao mizizi. Wiki zinapita, viwavi wanatafuna tu! Je, ameuziwa maji? Si lazima. Udongo una wenyewe. Kijiko kimoja tu kina viumbe vidogo kwa mamilioni, na kila mmoja anataka kula.

Mwaka wa 1953, Dobbs na Hinson wa Uingereza walieleza jambo la ajabu: vijimbegu vya kuvu vikiwekwa kwenye udongo wa kawaida, vingi havioti. Udongo huohuo ukipashwa moto hadi wenyeji wafe, vinaota vizuri. Maana yake ni kwamba wenyeji huvizuia. Hula chakula chote, na tena wengine hutoa sumu. Penicillium, jamaa ya ile iliyotupa penisilini, imeonekana ikiizuia Beauveria kwa njia hiyo. Trichoderma nayo ni jambazi kabisa: hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine, ikazitoboa na kuzila. Kwa hivyo mkulima anayechanganya dawa ya Trichoderma na ya Metarhizium katika bomba moja bila kusoma maagizo anacheza pata potea.

Lakini ngojeni kidogo. Kule kuzuiwa kuota kuna faida yake pia, nami naona watu wengi hawalifikirii hili. Kijimbegu kikiota pasipo na mdudu, kitakufa njaa. Kikilala, kinangoja. Mdudu akipita na kukigusa, ngozi yake inakipa chakula cha kukiamsha. Tena huko chini hakuna jua, ambalo huviua upesi vijimbegu vilivyo juu ya majani.

Metarhizium nayo ina ujanja wa ziada, kwani hupenda kukaa kwenye mizizi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba huchukua naitrojeni kutoka kwa mdudu iliyemuua na kuupa mharagwe. Mwaka uliofuata ikaonekana kuipinga Fusarium, kuvu inayoozesha mizizi ya maharagwe. Basi askari huyu hulipwa sukari na mmea, akalinda lango lake.

Mnaotafuta jambo la maonyesho ya sayansi, kuna jaribio rahisi. Chukueni udongo wa shamba la shule, uwe na unyevu kidogo, muutie mkebeni pamoja na viwavi wale wanaokula nta mizingani. Geuzeni mkebe kila siku. Baada ya wiki mbili hivi, tafuteni waliokufa, muwaweke mahali penye unyevu. Akitokea wa kijani au mweupe, mtajua askari walikuwa shambani kitambo, bila kununuliwa na mtu.