Kumhudumia Mzee Kitandani ni Kazi Yenye Ufundi

Tuchukue mfano wa nyumba moja huku Ntobeye. Bibi amepita miaka 80. Alipata kiharusi, akalazwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hawezi kusimama. Wanawe walikaa wakazungumza, wakaamua kuwa mjukuu wa kike aliyemaliza darasa la saba ndiye atakayemwangalia. Kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake akiwa na amani.

Mjukuu anampenda bibi yake. Anampikia uji, anamfunika vizuri, na kwa kuwa bibi analalamika akisogezwa, anamwacha atulie. Wiki chache baadaye chumba kinaanza kunuka. Wanapomgeuza bibi, wanakuta kidonda juu ya makalio, kirefu hadi karibu na mfupa.

Nani mwenye kosa? Si mjukuu. Yeye alipewa kazi ambayo hakufundishwa, akaifanya kwa upendo tu. Mwezi huu tunapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba upendo unahitaji ufundi, na kwamba ufundi huo unaweza kujifunzwa na familia yoyote.

Kazi hii ina jina

Zipo nyumba ambamo kazi hii hufanywa kila siku na watu walioajiriwa. Serikali yetu inayo makazi ya wazee, kama vile Kiilima huko Bukoba, Bukumbi mkoani Mwanza na Nunge jijini Dar es Salaam. Masista wa Mama Teresa walifika Tabora mwaka 1968 kuwahudumia maskini wasio na mtu. Huko Uingereza na Marekani, vijana wengi kutoka Afrika Mashariki huajiriwa katika nyumba za wazee. Huko, mhudumu hufundishwa namna ya kumsogeza mtu bila kumwumiza wala kujiumiza mwenyewe.

Hata hivyo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilieleza wazi kuwa familia ndiyo mahali pa kwanza pa kumtunza mzee, na makazi ni kimbilio la mwisho. Kwa hiyo huku kwetu nyumba ya wazee ni nyumba yako na yangu, na mhudumu wake ni binti, mkamwana au mjukuu.

Mkoa wetu wa Kagera una sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Miaka iliyofuata, mabibi na mababu wengi walizika watoto wao na kulea wajukuu. Baadhi yao sasa wamelala kitandani, na wale ambao wangewageuza walikwisha kutangulia.

Kwa nini ngozi inaoza

Mtu mwenye afya hujigeuza usiku mara nyingi bila kujua. Asiyeweza kujigeuza hulala juu ya mifupa yake. Uzito wa mwili hubana ngozi kati ya mfupa na kitanda, damu haipiti, na sehemu hiyo huanza kufa. Mkojo na jasho huharakisha jambo hilo.

Zamani wauguzi walizoea kusugua sehemu hizo kwa spiriti na mafuta ya namna nyingi. Mwaka 1962 mwuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wazee waliolazwa hospitalini. Ilionekana kuwa kinachookoa ngozi ni kuiondolea uzito, yaani kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Siku hizi inafundishwa pia kwamba ngozi iliyoanza kubadilika isisuguliwe, maana kusugua huzidi kuiharibu.

Yafaa ieleweke kuwa katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Usitegemee macho peke yake, tumia kiganja. Tafuta mahali palipo na joto, pagumu, palipovimba au panapouma kuliko penginepo, au penye weusi uliozidi. Kagua visigino, nyonga, makalio, mgongo, viwiko, mabega na kisogo kila siku wakati wa kumwogesha.

Mambo ya kufanya kila siku

1. *Mgeuze.* Kanuni inayofundishwa na wengi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Saa 12 asubuhi alale upande wa kulia, saa 2 chali, saa 4 upande wa kushoto, kisha mwanzo tena. Andika kwa mkaa ukutani ili anayepokea zamu ajue. Weka mto au nguo iliyokunjwa kati ya magoti, na nyingine chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Anayeketi kitini naye asogezwe.

2. *Usimburute.* Tandika shuka imara iliyokunjwa mara mbili chini ya mwili, kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike pande zote, wahesabu pamoja, wamwinue kidogo ndipo wamsogeze. Usimvute kwa makwapa. Bega la mwenye kiharusi huumia upesi.

3. *Mweke mkavu.* Akijikojolea, aoshwe kwa maji na sabuni kidogo, akaushwe kwa kugusagusa, si kwa kufikicha. Shuka inyooshwe isiwe na mikunjo wala makombo. Mhudumu avae glavu au afunge mfuko safi wa plastiki mkononi, na anawe kwa sabuni baadaye.

4. *Mlishe akiwa ameketi.* Anayelishwa chali hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Mpe kijiko kidogo, subiri ameze. Akishiba abaki ameketi kwa muda wa nusu saa. Maharagwe yaliyopondwa, mayai, maziwa na dagaa vilivyosagwa husaidia ngozi kujijenga. Mkumbushe kunywa maji, kwa sababu wazee wengi hawasikii kiu.

5. *Mwulize.* Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini huyu si mtoto. Msalimie shikamoo asubuhi kama zamani. Kabla ya kumgusa sema, "Bibi, sasa nitakugeuza." Mwulize pia nani amwogeshe. Katika mila zetu nyingi mkamwana hawezi kuona uchi wa baba mkwe, na wapo wazee wanaoacha kunywa maji makusudi ili wasihitaji kusafishwa na mtu wasiyemtaka. Mzee wa namna hiyo hatasema. Ni juu yetu kutambua na kumtafutia mtu mwingine.

Kidonda kikishatokea

Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe, majani wala unga wa vidonge. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, uoshe kwa upole, ufunike kwa kitambaa safi. Mgonjwa asilalie tena upande huo. Mwite mwuguzi wa zahanati mapema. Mzee akipata homa, akianza kuchanganyikiwa ghafla, akiacha kukojoa, au kidonda kikitoa harufu au kuwa cheusi, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Naye mhudumu?

Hesabu mwenyewe. Kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku, usiku na mchana. Hakuna msichana mmoja awezaye kufanya hivyo mwezi mzima akabaki mzima. Atakasirika, kisha atajilaumu kwa hasira yake. Mgongo nao utauma. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alianza kama mwuguzi, akalazimika kuacha uuguzi kwa sababu ya mgongo. Ndiyo maana mhudumu atanue miguu, akunje magoti, akae karibu na mzee na asiinue peke yake.

Zaidi ya hayo, tusisahau kuwa msichana huyo naye ana maisha yake. Kumwondoa binti shuleni au kumzuia asijifunze ufundi kwa sababu ndugu zake wa kiume "wana shughuli" ni kumtunza mmoja kwa kumharibia mwingine. Kugeuza mzee hakuhitaji mikono ya kike. Kijana wa kiume awezaye kubeba mkungu wa ndizi anaweza kumwinua babu yake.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee asiyeinuka, fanyeni kikao kingine. Pangeni zamu za usiku kwa majina. Aliye mbali achangie sabuni na shuka. Jumuiya ndogondogo ikija kumtembelea mgonjwa, wawili wabaki saa moja ili mhudumu akalale. Na kabla hamjaachana, ingieni wote chumbani, mumwombe bibi ruhusa, mumgeuze pamoja ili kila mmoja ajue namna ya kufanya.