Je, Wajua? Shahidi Aliyeona kwa Macho Yake

Je, wajua kuwa Adolf Beck, Mnorwei aliyeishi London, alitiwa hatiani mara mbili kwa makosa ya mtu mwingine? Mwaka 1896 wanawake wapatao kumi walimnyooshea kidole mahakamani: ndiye huyu huyu bwana mkubwa wa uongo aliyewarubuni akatoweka na vito vyao. Akahukumiwa kifungo cha miaka saba, na gerezani, kwa kudhaniwa ndiye yeye, akapewa namba ya tapeli mmoja, John Smith, aliyefungwa 1877. Wakati huo Beck alikuwa Amerika Kusini, ila jaji alikataza habari za 1877 zisiguswe.

Mwaka 1898 Wizara ya Mambo ya Ndani ikapata taarifa kwamba Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakutahiriwa. Unadhani walimwachia? Walimbadilishia namba tu.

Alitoka 1901. Mwaka 1904 wanawake wengine wakamtambua, akatiwa hatiani tena. Akiwa bado anasubiri adhabu, Smith mwenyewe akanaswa akijaribu kuweka pete rehani. Beck akapewa msamaha (kwa kosa lipi?) na pauni 5,000. Kashfa hiyo ilichangia Uingereza kuanzisha mahakama ya rufani za jinai mwaka 1907.

Je, wajua kuwa Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1985 baada ya mashahidi watano kumtambua? Vipimo vya DNA vilimtoa 1993. Hakuna haja ya kudhani watano hao walidanganya; mtu huweza kukosea huku akiapa kwa moyo mweupe.

Je, wajua kuwa tangu 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka masharti ya gwaride la utambulisho? Mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Achague mwenyewe pa kusimama, na shahidi mmoja akishatoka, ruksa kuhama. Mpelelezi wa kesi asiliendeshe gwaride, na shahidi amguse anayemtambua. Kumnyooshea kidole mtu aliyekwisha simamishwa kizimbani ni kazi rahisi mno.

Na mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kupita mwingine. Shahidi aulizwe: ulimwona kwa muda gani, umbali gani, ulimfahamu kabla? Kusema “kulikuwa na mwanga” hakutoshi. Mwanga wa nini, koroboi au taa ya umeme, na mtuhumiwa alisimama upande gani wa taa hiyo?