Nyuzi za Programu na Nyuzi za Kiini

Neno "mfumo" latokana na kitenzi "fuma", na hapana ufumaji pasipo uzi. Si ajabu basi kwamba mfumo endeshi wa kompyuta nao una nyuzi zake. Uzi, kwa maana hii, ni mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa hatua kwa hatua. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi nyingi: mmoja ukipokea maandishi, wa pili ukisoma faili, wa tatu ukipiga hesabu.

Hata hivyo, neno hilo moja hubeba vitu viwili. Upo uzi wa programu, ulioundwa na programu yenyewe. Na upo uzi wa kiini, yaani ule utambuliwao na kiini, sehemu ya mfumo yenye mamlaka ya kugawa muda wa prosesa. Uzi wa programu hautendi kazi mpaka ubebwe na uzi wa kiini. Kuhusu namna ya kubebana huko, yametolewa majibu matatu.

La kwanza ni nyingi kwa mmoja: nyuzi zote za programu hubebwa na uzi mmoja wa kiini. Kupokezana zamu huwa kwepesi, kwa kuwa kiini hakihusishwi. Lakini uzi mmoja ukiingoja diski, zote husimama. Na prosesa zijapokuwa nne, moja tu ndiyo itumikayo. Hivyo ndivyo zilivyokuwa "nyuzi za kijani" za lugha ya Java katika miaka ya 1990.

La pili ni mmoja kwa mmoja. Hapa kiini huuona kila uzi, na mmoja ukisubiri, wengine huendelea. Gharama yake ni uzito: katika Linux kila uzi kwa kawaida hutengewa nafasi ya hadi megabaiti 8, na kuuanzisha hulazimu kukiomba kiini.

La tatu, nyingi kwa nyingi, lilikusudia kuunganisha faida za yote mawili. Solaris ililifuata, lakini wagawaji zamu wakawa wawili, mmoja katika programu na mwingine katika kiini, wala hakuna aliyejua vema mambo ya mwenzake. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipendekeza kiini kiiarifu programu kila uzi wake unapozuiliwa. Pamoja na hayo, Solaris 9 ya mwaka 2002 ilihamia mmoja kwa mmoja, na mwaka 2003 Linux ikathibitisha njia hiyo hiyo.

Ilidhaniwa kwamba shauri limekwisha. Lakini lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilirejea nyingi kwa nyingi, uzi wake ukianza na kilobaiti 2 tu. Java 21 ikafuata mwaka 2023. Kilichobadilika ni mwenye kugawa zamu. Solaris ilitaka kuzihudumia programu za kila aina bila kujua shughuli zao. Lugha hizi huzijua nyuzi zao na mahali zinapongojea, hivyo huuondoa uzi unaosubiri mtandao na kumpakia mwingine mahali pake.

Kwa hiyo tofauti ya majibu haya si ya hesabu tu. Swali la msingi ni nani ajuaye sababu ya uzi kusubiri, kwani huyo ndiye afaaye kugawa zamu.